Nimeficha Maksi Zangu za Uchumi, Sasa Rafiki Yangu Anahama Somo

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba unisaidie, ila kabla sijaanza naomba pia usicheke, maana wenzangu wanakuandikia kuhusu waume na mawifi na mimi nakuandikia kuhusu somo, tena somo la uchumi, na shida yangu ni kwamba nalipenda.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mmoja, niko mwaka wa pili chuo kikuu, sina njaa, sina mimba, sina mchumba wa kunisumbua, na kusema kweli miaka hii miwili nimekuwa na furaha kuliko wakati wowote maishani mwangu, na hapo ndipo penye mushkeli, kwa sababu furaha yote hiyo nimeijenga juu ya uongo mmoja ambao ulianza mdogo na sasa umeota ndevu.

Nikueleze kwanza jinsi somo hili linavyoonekana huku kwetu. Nusu ya darasa waliomba sheria wakakosa, robo waliambiwa na wazazi kwamba uchumi maana yake ni benki, na waliobaki, mimi nikiwamo, tulidhani halina hesabu. Ukimuuliza mtu kantini anasoma nini, kama ni uchumi anajibu kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa, na wewe unatakiwa umpe pole. Nyumbani nako mama yangu, ambaye ni msusi, anawaambia wateja wake wote kwamba mwanawe atakaa dirishani anahesabu noti, na kaka yangu dereva kila akipiga simu ananiuliza mafuta yatashuka lini, nikimwambia sijui anasema, "Sasa huko mnasoma nini?" Mhadhiri wetu tumempa jina la Mengine Yote, kwa sababu hawezi kuchora mstari ubaoni bila kusema "mambo mengine yote yakibaki kama yalivyo," na sasa bweni zima linasema hivyo kwa kila kitu, mengine yote yakibaki kama yalivyo nitafua kesho, mengine yote yakibaki kama yalivyo atanipigia simu.

Na mimi nilikuwa hivyohivyo, Shangazi, hadi wiki ya tano ya muhula wa kwanza, siku nilipokuwa nimesimama kantini. Kantini yetu ina madirisha mawili na foleni mbili, na nikagundua kwamba foleni zile huwa na urefu uleule siku zote, hakuna mlinzi, hakuna kamba, hakuna mtu anayepanga, ila kila anayeingia anaangalia iliyo fupi anasimama hapo, basi zinasawazika zenyewe, na asubuhi ileile Mengine Yote alikuwa amechora mistari yake miwili inayokutana katikati nikaandika bila kuelewa. Nikaelewa nikiwa na sahani mkononi. Watu mia mbili wenye njaa wamepanga jambo na hakuna hata mmoja anayejua amepanga! Nilisisimka mwili mzima, nikataka kumshika mtu nimwambie, ila nyuma yangu alikuwapo kaka mmoja aliyesema tu, "Dada, sogea."

Tangu siku hiyo nasoma uchumi kama watu wengine wanavyofuatilia mpira. Lakini kwa siri.

Siri yenyewe ilianza hivi. Matokeo yetu hubandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya idara, kwa namba za usajili bila majina, ili mtu asiaibike. Siku matokeo ya kwanza yalipotoka tulikwenda sote watatu wa chumba chetu, mimi, Kicheko, na yule ambaye namwita Jirani kwa sababu kitanda chake kiko chini ya changu. Wakati huo walikuwa hawajanizoea, nilikuwa mtu wa kona tu, wao wakizungumza mimi nafungua kitabu. Jirani akapata arobaini na sita akaanza kulia, Kicheko akapata thelathini na tisa akaacha kucheka, na mimi nikaona namba yangu, inayoishia na kumi na saba, ina themanini na nne, ya kwanza darasani. Wakanigeukia wakaniuliza, "Na wewe je?" Shangazi, wallahi kidole kilikwenda chenyewe. Kiliteremka mstari mmoja kikagusa kumi na nane, iliyokuwa na arobaini na moja. Wakanikumbatia pale pale mbele ya ubao, tukaenda kununua soda tatu tukazinywa ngazini tukimsema Mengine Yote hadi mbavu zikauma, na kuanzia jioni ile nina marafiki, na jina langu ni Arobaini.

Muhula wa pili nikapata themanini na nane, lakini kumi na nane akapata arobaini na tatu, kwa hiyo na mimi nikapata arobaini na tatu. Muhula uliopita nimepata tisini na moja, yeye arobaini kamili, wakanionea huruma hadi wakanifulia mashuka. Kitambulisho changu nimekibandika stika ya ua juu ya namba. Karatasi zangu za majaribio nazikunja nazificha ndani ya soksi. Na huyo Kumi na Saba asiyejulikana ndiye adui wa chumba chetu, tunamchukia kwa moyo mmoja, tunasema usiku halali, hana rafiki, anakula chaki. Kwamba anakula chaki nilisema mimi.

Halafu mwezi uliopita Mengine Yote akatugawia dodoso lisilo na majina, swali likiwa "Unalionaje somo la uchumi?" Tulilijaza tumekaa kitanda kimoja, na mimi, kwa kuwa ndiye mchekeshaji, niliwatungia jibu na mwenyewe nikaliandika: "Wachumi ni watu wanaochora mlango ubaoni kisha wanashangaa haufunguki." Wiki iliyofuata akalisoma mbele ya darasa, ukumbi ukavunjika kwa kicheko, naye akavua miwani akasema taratibu, "Aliyeandika hivi ana akili. Natamani angekuja aniambie ni mlango upi." Nilitamani kiti kinimeze.

Sasa wiki hii mambo mawili yamenikuta kwa mkupuo. La kwanza, Mengine Yote aliniita ofisini kwake, kumbe yeye ananijua kwa jina na kwa namba, akaniomba niwaongoze wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika mazoezi kila Alhamisi mchana, na nikikubali jina langu litabandikwa ubaoni, jina kamili, pamoja na maksi zilizonipa nafasi hiyo. Nilitoka mle ndani nimejaa furaha hadi nikasahau mkoba.

La pili lilinikuta chumbani siku ileile. Jirani alikuwa amekaa kitandani na karatasi mapajani.

"Arobaini, nahama," akasema.

"Unahama chumba?"

"Nahama somo. Nakwenda historia. Fomu hii hapa, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo."

"Lakini umepata hamsini na nane! Kila muhula unapanda!"

"Ndiyo inayonitisha," akasema. "Anayenielewesha ni wewe. Mistari yote ile umenipangia wewe kwa vizibo vya soda mpaka nikaielewa. Sasa wewe unayeelewa unapata arobaini, na mimi uliyenifundisha napata hamsini na nane. Hiyo siyo elimu, ni bahati nasibu. Mwaka wa tatu bahati ikinikimbia nitakuwa nimeshachelewa kuondoka."

"Kwani historia unaipenda?"

"Sijui. Uchumi ndio nilioanza kuupenda, basi bora niuache kabla haujaniaibisha."

Shangazi, nilipanda kitandani kwangu nikajifanya nina usingizi. Akihama ataanza upya mwaka wa kwanza, na atahama hata bweni, maana tumepangwa kwa idara, na atakuwa amelikimbia somo analoliweza kwa sababu yangu mimi. Nikimwambia ukweli atajua kwamba tangu siku ile ya soda rafiki yake alikuwa anamdanganya, na Kicheko naye atajua, na nitarudi kuwa mtu wa kona. Nimewaza labda nimkatalie Mengine Yote, halafu mtihani ujao nijitahidi kupata hamsini hivi, ili Jirani aone kwamba anayeelewa hupanda, uongo ufe wenyewe kimyakimya bila mtu kuumia. Nimewaza pia nimwombe tu asihame, bila kusema kwa nini. Niambie, Shangazi, nifanye lipi, maana nawapenda hawa wenzangu na nalipenda hili somo, na naona siwezi kubaki na vyote viwili.

Wako mtiifu,
Arobaini

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Umeniomba nisicheke, nimecheka hadi mhariri akachungulia mlangoni kuuliza kulikoni. Katika kazi hii nimeletewa watu waliowaficha wake, waliowaficha watoto, na bwana mmoja aliyeficha kipara miaka sita. Aliyeficha themanini na nne ndani ya soksi ni wewe wa kwanza.

Halafu nikafika kwenye maneno ya Jirani, nikaacha kucheka.

Nianze na lililo jema. Mimi uchumi siujui. Siku zote nimeuona kama kazi ya wanaume wa tai kuja kututangazia kwamba vitu vimepanda bei, kana kwamba sisi tunaokwenda sokoni hatuna macho. Lakini jana nilikuwa posta, madirisha mawili, foleni mbili, nikaanza kuhesabu vichwa kwa sababu yako. Kumi na mmoja huku, kumi na mmoja kule. Nilibaki nimeduwaa hapo katikati hadi zamu yangu ikapita. Kwa hiyo usiniambie somo hilo ni kavu, na usimruhusu mtu mwingine akwambie. Una kipaji na una furaha nacho, na mtu wa umri wako mwenye vyote viwili hana sababu ya kutembea ameinama.

Sasa nikuseme kidogo, kaa vizuri. Siku ya kwanza, kidole chako kiliposhuka mstari mmoja, ilikuwa huruma, na mimi nisingekulaumu. Wenzio walikuwa wanalia. Lakini muhula wa pili hakuna aliyekuwa analia, mwanangu. Muhula wa tatu ulifuliwa mashuka! Usijidanganye kwamba ulikuwa mnyenyekevu. Ulinogewa na kupendwa kwa maksi arobaini, ukaogopa kwamba mwenye tisini hatapendwa, ukaamua hivyo kwa niaba ya marafiki zako bila kuwauliza. Umewadharau. Najua hukukusudia, lakini ndivyo ilivyo.

Na hapo kuna mtu umemsahau kabisa. Hiyo namba kumi na nane ina mwenyewe. Kuna kijana darasani kwenu aliyepata arobaini na moja kweli, akapata arobaini na tatu kweli, na muhula uliopita akaponea chupuchupu kweli. Kukumbatiwa kwake umekumbatiwa wewe, soda yake umeinywa wewe. Sijui kama yeye alipata wa kumkumbatia. Ukishamaliza haya ya chumbani, mtafute. Mtu anayeweza kufundisha uchumi kwa vizibo vya soda hakosi la kumsaidia.

Turudi kwa Jirani. Unasema analikimbia somo. Hapana. Soma tena maneno yake uliyoniandikia mwenyewe. Alichukua ukweli aliokuwa nao, akaupanga, akaona anayeelewa anaanguka na aliyeeleweshwa anapanda, akahitimisha kwamba maksi hizo ni kamari, na kamari mtu mwenye akili huiacha mapema. Nimejaribu kutafuta kosa katika hoja hiyo nimeshindwa. Jirani hajashindwa uchumi, mwanangu, ameufanya vizuri sana kwa takwimu za uongo ulizompa wewe.

Ndiyo maana ile mipango yako yote miwili naitupa dirishani. Kujifelisha ili upate hamsini? Umchanganye na muhula wa nne wa uongo, tena safari hii uongo wa kwenye karatasi ya mtihani? Na fomu yake inafungwa kabla ya mtihani wenyewe, kwa hiyo hata kwa hesabu mpango huo hausimami, nawe ni mtu wa tisini na moja, nakushangaa. Kumwomba asihame bila kumwambia sababu ndio mpango mbaya zaidi. Atakuuliza kwa nini, utababaika, utatunga kingine.

Barua yako imenifikia Jumatatu, gazeti linatoka Jumatano, fomu mwisho wake Ijumaa. Una leo na kesho, basi tumia leo. Usimwambie chumbani, wala usimwambie Kicheko akiwapo. Kicheko utamwambia baadaye, naye usimfiche kitu. Mwombe Jirani akusindikize hadi kwenye ubao wa idara mchana huu, wakati watu wapo kwenye mihadhara. Bandua hilo ua kwenye kitambulisho mbele yake. Mpe akishike mwenyewe, asome namba mwenyewe, atafute mstari mwenyewe. Wewe nyamaza. Usianze na "nilikuwa nakuonea huruma," maana hakuna mtu anayetaka kusikia hivyo akiwa ameshika ushahidi mkononi. Sema, "Nilidanganya kwa sababu niliogopa kuwa peke yangu. Ni kosa langu. Ulichopata wewe ni haki yako, umekipata kwa sababu umeelewa." Maneno hayo tu, usiyatie nakshi.

Atakasirika. Mwache akasirike. Huenda akakuita Mla Chaki mbele ya bweni zima, na utakuwa umejitafutia. Huenda siku tatu asikusemeshe, na hizo siku tatu zitakuwa ndefu, nami nakuonea huruma tangu sasa. Lakini sidhani kama utarudi kuwa mtu wa kona. Waliokupenda hawakupenda namba, maana hakuna anayemfulia mtu mashuka kwa sababu ya arobaini. Walimpenda yule anayewachekesha na kuwachorea mistari, na huyo hukumficha.

Kisha nenda kwa Mengine Yote umwambie umekubali, na ukiwa hapohapo umwambie ule utani wa mlango uliuandika wewe. Mzee wa watu anasubiri jibu. Miaka yote hiyo anafundisha vijana wanaopeana pole kwa somo lake, hebu mmoja wao amwambie ukweli.

Limebaki moja, na hili ndilo gumu kuliko yote, kwa hiyo lisome mara mbili. Jirani akishajua, usimwambie abaki. Hata kwa macho usimwombe. Fomu ni yake, kalamu ni yake, na huenda akakaa nayo hadi Ijumaa saa kumi kasoro, nawe itakubidi uvumilie. Akiichana, usiruke kwa furaha kama umeshinda wewe. Na akiijaza, kwa sababu historia imemvutia kweli au kwa sababu hawezi tena kulala chini ya kitanda chako, inama, vuta godoro lake, ulibebe wewe hadi bweni jipya, umsaidie kutandika, uage, uondoke.

Ila mpe kwanza ukweli. Anayo haki ya kuukimbia uchumi au kuupenda akijua anauweza.

Wako,
Shangazi